Tanzania na Kenya: nani anatoa zaidi kwa elimu ya juu?

Juni 2024 Dodoma na Nairobi zilisoma bajeti zao siku moja, kama ilivyo desturi ya nchi za Afrika Mashariki. Nairobi ilitangaza shilingi bilioni 656.6 za Kenya kwa sekta ya elimu, na ndani yake bilioni 35.9 kwa HELB, bodi inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu. Dodoma ilikuwa imetenga shilingi bilioni 787 za Tanzania kwa HESLB, ile ambayo wengi wetu tunaiita Bodi ya Mikopo tu. Kwa kiwango cha siku zile shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 20 za Tanzania, kwa hiyo fungu la HELB lilifika kama bilioni 720 za kwetu. Tanzania ina wanafunzi wa vyuo vikuu wachache kuliko Kenya, na bado bajeti yake ya mikopo ikaipita ya jirani.

Ukiishia hapo, utasema Tanzania inatoa zaidi. Wengi huishia hapo. Mimi nadhani swali lenyewe la nani anatoa zaidi halijibiki mpaka ujue serikali inamlipa nani: chuo, au mwanafunzi. Nchi hizi mbili zimechagua njia tofauti, na hapo ndipo tarakimu zinapopotosha.

Kwanza tuiondoe njiani shilingi yenyewe. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160 za Kenya. Kufikia Juni ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Zigeuze zile bilioni 35.9 kwa kiwango cha Januari, unapata takriban bilioni 570 za Tanzania. Zigeuze kwa kiwango cha Juni, unapata kama 720. Hakuna mwanafunzi wa vyuo vya Eldoret wala Maseno aliyeongezewa hata senti, lakini kwenye jedwali la ulinganisho Kenya "imeongeza" bilioni 150. Kila ulinganisho usiotaja kiwango cha kubadilishia fedha na tarehe yake, utilie shaka.

Tatizo kubwa zaidi ni vile vitabu vya bajeti vinavyopangwa. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania ni Fungu 46. Mwaka 2023/24 fungu hilo lilikuwa na takriban shilingi trilioni 1.67. Walimu wa shule za msingi na sekondari za serikali hawamo humo. Mishahara yao hupitia upande wa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Kenya nayo, ile bilioni 656.6 ni ya sekta nzima, na zaidi ya nusu yake inakwenda kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Anayeweka Fungu 46 kando ya bilioni 656.6 amelinganisha wizara moja na sekta nzima, na hiyo ni hesabu ambayo nimeiona ikirudiwa na watu wasomi kabisa.

Ndani ya Fungu 46 kuna jambo jingine la kuangalia kwa makini. Mikopo ya wanafunzi huandikwa upande wa fedha za maendeleo, ukurasa mmoja na ujenzi wa maabara na ukarabati wa vyuo. Mwaka 2023/24 mikopo pekee ilizidi bilioni 730, na hiyo ni zaidi ya nusu ya fedha zote za maendeleo za wizara. Sasa sehemu kubwa ya mkopo huo ni bumu, yaani fedha ya chakula na malazi. Ni fedha ya lazima, sibishani na hilo, lakini mtu akikuambia bajeti ya maendeleo ya elimu imepaa, muulize imepaa kwa matofali au kwa bumu.

Kenya ina tatizo lake. Idara ya Serikali ya Elimu ya Juu na Utafiti, ambayo ni kura (yaani fungu) ya 1065 katika vitabu vya Nairobi, ilitangaziwa bilioni 128 kwa mwaka 2024/25. Tarakimu hiyo ya jumla inabeba pia mapato ambayo vyuo vinakusanya vyenyewe, karo zikiwemo, kwa sababu Bunge huyaidhinisha pamoja na ruzuku ya Hazina. Kwa hiyo mzazi wa Kisii anayelipa karo kutoka mfukoni mwake anaingia kwenye jumla ambayo wengine wanaisoma kama ukarimu wa serikali. Anayetaka kujua serikali imetoa nini hasa, aondoe kwanza mapato hayo.

Mzizi wa mifumo hii ni mmoja. Kuanzia 1963 Dar es Salaam, Nairobi na Makerere zilikuwa sehemu ya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichovunjika 1970 kila nchi ikachukua chake. Wakati ule serikali zililipa karibu kila kitu. Swali la nani alipe lilikuwepo hata hivyo, na Tanzania lililipuka mapema. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo lile la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi cha utumishi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja yake ilikuwa kwamba msomi anasomeshwa kwa jasho la mkulima ambaye mwanawe hatafika chuoni. Kila mjadala wa mikopo uliokuja baadaye umebeba hoja hiyo hiyo, hata pale asipotajwa.

Kenya ilianza mkopo wa kujikimu mwaka 1974. Miaka ya 1990, chini ya masharti ya wakopeshaji wa nje, nchi zote mbili ziliingia kwenye uchangiaji wa gharama. HELB ikaundwa kwa sheria mwaka 1995. Tanzania ilitunga sheria ya HESLB mwaka 2004 na bodi ikaanza kazi 2005. Mpaka hapo zilikuwa zinafanana: serikali inakipa chuo ruzuku, bodi inamkopesha mwanafunzi, familia inaongeza. Kenya ndiyo iliyogeuka.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia, ule mpango wa sambamba, na vyuo vingine vikafuata. Kwa karibu miaka ishirini karo za hao zilifunika pengo la ruzuku. Kisha mwaka 2016 mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, ilidhibitiwa vikali na idadi ya waliopata C+ na kuendelea, alama ya kuingilia chuo kikuu, ikaanguka, kutoka kama 169,000 mwaka uliotangulia hadi chini ya 90,000. Wote hao serikali ingeweza kuwapa nafasi. Wa kujilipia wakatoweka, na vyuo vikabaki na wahadhiri na majengo vilivyoajiri na kujenga kwa kutegemea fedha ambayo haipo tena. Wakati huo huo ulianza mfumo wa kukokotoa gharama ya kila kozi, serikali ikiahidi kulipa asilimia 80 ya gharama hiyo. Kufikia 2022 mgao ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu. Madeni ya vyuo vya umma yakapita shilingi bilioni 60 za Kenya.

Hapo ndipo Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza mfumo mpya. Ruzuku kwa chuo ikafutwa kwa wanafunzi wanaoanza. Badala yake kila kozi ina bei, na mwanafunzi anapangwa kwenye kundi kulingana na hali ya familia yake. Tangu 2024 makundi ni matano. Kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, linapata ufadhili wa asilimia 70 ya bei, mkopo wa asilimia 25, na familia inalipa 5. Kundi la tano linapata ufadhili wa asilimia 30, mkopo 30, na familia inabeba 40. Juu ya hapo kuna mkopo wa kujikimu, kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka.

Kozi ya udaktari inaonyesha tofauti hii vizuri kuliko nyingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza mfumo mpya, bei ya mwaka mmoja ilikuwa kidogo juu ya shilingi laki 6 za Kenya. Tuiweke laki 6 kamili ili hesabu iwe nyepesi. Ni kama milioni 12 za Tanzania. Ada ya kozi hiyo hiyo katika chuo cha umma Tanzania iko chini ya milioni 2. Je, Tanzania inamfundisha daktari kwa moja ya sita ya gharama ya Kenya? Haiwezekani. Mhadhiri wa anatomia analipwa, kemikali zinanunuliwa, umeme unawaka. Kilichotokea ni kwamba Tanzania mshahara wa huyo mhadhiri unalipwa moja kwa moja na Hazina, kwenye kasma ya mishahara ya chuo, na haumgusi mwanafunzi. Ada inayoonekana ni kipande tu cha gharama. Kenya imekitoa kipande kilichofichika na kukiandika kwenye barua ya udahili.

Fuata sasa shilingi hizo laki 6. Mwanafunzi wa kundi la kwanza anapata ufadhili wa 420,000, mkopo wa 150,000, na nyumbani wanadaiwa 30,000. Wa kundi la tano, nyumbani wanadaiwa 240,000. Chini ya utaratibu wa zamani familia ilidaiwa 16,000 ya karo, tajiri kwa maskini. Kwa hiyo hata yule aliyewekwa kwenye kundi la wahitaji zaidi anaweza kudaiwa karibu mara mbili ya kile kaka yake alicholipa kwa kozi ile ile miaka michache nyuma. Mtu akitazama bajeti ya jumla ataona fedha ya ufadhili na ya HELB imeongezeka, na ni kweli. Mzazi akitazama barua ya udahili ataona mzigo umeongezeka, na ni kweli pia.

Deni la mhitimu nalo linatazamika. Yule daktari wa Nairobi, kwa miaka sita, atakuwa amekopa 900,000 za karo na 360,000 za kujikimu, jumla milioni 1.26 za Kenya, kama milioni 25 za Tanzania. Mwenzake wa Dar es Salaam, akipata mkopo wa asilimia mia, anapewa bumu la shilingi 10,000 kwa siku (lilikuwa 8,500 mpaka 2022). Kwa siku 240 za masomo hiyo ni milioni 2.4. Ongeza ada ya milioni 1.8 hivi, zidisha kwa miaka mitano: milioni 21. Madeni yao yanakaribiana sana. Lakini wa Dar anadaiwa zaidi kwa kula na kulala kuliko kwa kufundishwa, na wa Nairobi anadaiwa zaidi kwa kufundishwa. Bodi mbili zenye bajeti zinazokaribiana zinanunua vitu viwili tofauti.

Hilo linabadilisha pia maana ya neno "matumizi" tunapozungumzia mikopo, maana mkopo unatarajiwa kurudi. Kiasi gani cha mkopo ni msaada halisi wa serikali kinategemea masharti ya kurejesha. HELB inatoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza, na anayekawia anapigwa faini ya 5,000 kila mwezi. Mfumuko wa bei Kenya mwaka 2023 ulizidi asilimia 7, kwa hiyo hata na riba hiyo serikali ilikuwa inarudishiwa pungufu ya thamani iliyotoa. Tanzania ilikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo hiyo Mei Mosi 2021, na tangu Julai mwaka ule zote mbili, tozo na adhabu, hazipo tena. Mnufaika wa leo anarudisha alichokopa na ada ya uendeshaji ya asilimia 1 inayotozwa mara moja. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 au 4, kila mwaka deni linayeyuka kidogo, na kinachoyeyuka ni ruzuku ambayo haionekani kwenye kitabu chochote cha bajeti.

Lakini kasi ya kukatwa ni kali. Marekebisho ya sheria ya 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Mwalimu mwenye mshahara wa 800,000 aliyekuwa akikatwa 64,000 akajikuta anakatwa 120,000, kabla ya kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii kuchukua chao. Slipu ya mshahara ya mwalimu kijana wa Tanzania ni mahali pazuri pa kuielewa bajeti ya elimu ya juu: upande mmoja serikali imemfutia tozo, upande mwingine inataka yake mapema. Fedha hizo hukopeshwa tena kwa wanafunzi wapya, kwa hiyo sehemu ya bajeti ya mikopo inalipwa na wahitimu wa jana.

Halafu kuna tofauti kati ya fedha iliyotangazwa na fedha iliyofika. Hapa Kenya imeumia zaidi. Wiki mbili baada ya ile hotuba ya Juni 2024, maandamano ya vijana yalimlazimisha Rais kuuondoa Muswada wa Fedha, na bajeti ikapunguzwa kwa bajeti ya ziada. Tarakimu zilizosomwa hotubani zilizeeka ndani ya mwezi mmoja, ingawa bado zinanukuliwa. Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa wiki saba wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya tangu 2017 hadi 2021. Deni la miaka ile lilikuwa "matumizi" kwenye mkataba na halikuwa matumizi kwenye akaunti ya mtu yeyote. Kwa mfumo wa kumlipa mwanafunzi, chuo kinaishi kwa fedha ya ufadhili na mikopo inayokuja na wanafunzi wake. Ikichelewa Hazina, chuo hakina cha kushika.

Tanzania mishahara ya wahadhiri walioajiriwa na serikali inatoka pamoja na ya watumishi wengine wa umma, na hilo limevikinga vyuo na migomo ya aina hiyo. Nafikiri ni kinga yenye thamani kubwa, na sitaki iachwe. Gharama yake iko kwingine. Chuo hakiwezi kuajiri bila kibali, na majengo yamesubiri kwa muda mrefu. Sehemu kubwa ya madarasa na maabara mpya zinazojengwa vyuoni sasa ni za HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425. Hilo ni deni la taifa, nalo halimo kwenye ule ulinganisho wa bodi kwa bodi.

Wanaoachwa nje nao ni tofauti. Kenya aliyepata C+ anapangiwa nafasi, na hoja inakuwa amewekwa kundi gani na kwa kipimo gani. Malalamiko ya kupangwa vibaya yalikuwa mengi kiasi kwamba kesi ilifika Mahakama Kuu, na Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita akatamka mfumo mzima ni kinyume cha Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo, kwa hiyo makundi matano yakaendelea, na mwaka huo huo wizara ikatangaza kushusha karo. Tanzania unaweza kudahiliwa na kozi yako ikakosa mkopo, au ukapata asilimia ambayo haikufikishi mwisho wa muhula. Bajeti imekua kwa kasi, kutoka bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi 570, 654 na kuendelea, na tangu 2023/24 hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada wanakopeshwa. Lakini sekondari bila ada inaleta wahitimu wa kidato cha sita wengi zaidi kila mwaka. Bilioni zinaongezeka na waombaji wanaongezeka.

Kuna kitu kimoja ambacho ningependa Tanzania ikichukue kutoka Nairobi bila kuchukua mfumo mzima: bei ya kozi. Kenya, kwa uchungu wote huo, imeandika hadharani inagharimu kiasi gani kumfundisha daktari, mhandisi na mwalimu kwa mwaka mmoja. Sisi tunaijua ada, tunalijua bumu, hatuoni yaliyobaki. Tume ya Vyuo Vikuu na wizara wana takwimu za wanafunzi kwa kozi, Hazina ina mishahara, na vyuo vina hesabu zao zilizokaguliwa. Kuziweka pamoja hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Mpaka hilo lifanyike, anayetaka kulinganisha nchi hizi kwa haki anahitaji tarakimu nne kutoka kila upande, zote za mwaka mmoja wa fedha: mishahara na ruzuku iliyokwenda vyuoni, ufadhili usiorudishwa, mikopo mipya ukiondoa marejesho, na fedha za ujenzi, zikiwemo za mikopo ya nje. Kisha agawe kwa idadi ya wanafunzi, na atumie fedha iliyotolewa kweli badala ya iliyotangazwa. Kwa Tanzania aanze na Fungu 46 na taarifa za utekelezaji ambazo waziri huziwasilisha bungeni kila Mei. Kwa Kenya aanze na kura ya 1065 na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti.

Kwa mwaka 2025/26 Dodoma imepandisha mikopo hadi zaidi ya bilioni 900. Nairobi imeshusha karo na kuwaachia wanafunzi makundi yale yale matano.